Ekzosi ya Masanja na Kipande Kilichobaki

Vijana wa gereji, nimewaona. Juzi nilitoka Kasokola na karai la mahindi mabichi, nikapita pale mnapofanyia kazi, nikasimama kama mtu anayesubiri bodaboda. Kumbe nawakagua. Mmoja wenu alikuwa chini ya pikapu ya dizeli, miguu nje, anachomelea ekzosi huku simu inaimba kifuani kwake. Alipomaliza akatoka, akajifuta mikono kwenye suruali, akamwambia mwenye gari, "Tayari, bosi. Inanguruma kama simba." Mwenye gari akawasha, ikanguruma kweli, wote mkacheka, gari ikaondoka. Hakuna hata mmoja wenu aliyepanda nyuma. Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka mahindi yaliyobaki nikawapa mbuzi.

Mimi ni Mama Jeni. Walio wakubwa kidogo kati yenu wananijua, wengine mnaniona kama bibi tu wa mahindi. Kabla macho hayajaniambia basi, nilikuwa natengeneza ekzosi za kienyeji hapa Mpanda, za pikapu hasa, kwa mabomba tuliyoyaokota, tuliyoyanunua na tuliyoyabembeleza. Sikuanza kama fundi. Nilianza kwa kuwauzia mafundi uji wa ulezi. Nilikuwa nasubiri vikombe vyangu virudi, na katika kusubiri nikawa nashika hiki, nashikilia kile, mpaka siku moja Mzee Bukuru akaniambia, "Mama Jeni, acha vikombe. Shika hapa vizuri, nichomelee."

Mzee Bukuru ndiye nataka mumjue. Alitoka Mishamo, wazazi wake walikuja kutoka Burundi, na alifika Mpanda kwa baiskeli iliyobeba nyundo mbili na mvukuto. Alikuwa mfupi, mkimya, na kofia yake ya sufi hakuivua hata kiangazi. Sijawahi kuona mikono kama ile, na nimeona mikono mingi. Alikuwa anakinga kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi, gari ikiwa inawaka, anafumba macho kidogo, halafu anasema, "Silinda ya tatu imechoka." Mwenye gari anabisha. Wiki mbili baadaye anarudi kichwa chini, silinda ya tatu imechoka.

Ninyi leo mnakunja bomba kwa mashine. Vizuri, sina wivu. Sisi tulikuwa tunalijaza mchanga. Ukilikunja bomba tupu linabonyea kama mrija wa soda, moshi unakosa njia. Ukilijaza mchanga ukashindilia, ukaziba ncha zote mbili kwa vigogo, ukaliweka kwenye mkaa mpaka liwe jekundu, linakunjika laini na tundu linabaki la duara. Lakini mchanga lazima uwe mkavu. Mzee aliniambia hivyo mara moja tu, kwa sauti yake ya chini, nami nikaona ni maneno ya wazee. Nikachota mchanga kando ya mto, nikaujaza vilevile na unyevu wake. Bomba lilipopata moto, maji ndani yakageuka mvuke, kigogo kikafyatuka kikapita katikati ya kibanda cha kinyozi wa jirani na kutoboa bati la nyuma. Mteja alikuwa amenyolewa nusu. Akakimbia hivyo hivyo, na hakurudi kumalizia nusu ya pili.

Mzee Bukuru hakunifokea. Alikwenda kuziba bati la kinyozi yeye mwenyewe, akarudi na ndoo ya mchanga, akaumwaga kwenye kipande cha bati juu ya moto na kuukaanga kama karanga. Akauchota kiganjani, akaupuliza, ukapeperuka. "Ukipeperuka, tia," akasema. Tangu siku hiyo nilikaanga mchanga kila mara, na watu waliopita waliuliza kama ni mboga.

Alinifundisha mengine mengi ambayo siwezi kuyamaliza. Kwamba sailensa nzuri unaweza kuitengeneza kwa mtungi wa kuzimia moto uliokwisha, ukapitisha ndani yake bomba lililotobolewa matundu mengi madogo. Kwamba dizeli inataka kupumua, na ukiibana sana itachoka kwenye kilima na kutapika moshi mweusi. Kwamba injini inacheza muda wote, kwa hiyo ekzosi usiifunge kwa chuma kitupu, uining'inize kwa raba za tairi kuukuu ili icheze nayo. Kwamba bomba la maji lenye rangi ya fedha ukilichomelea linatoa moshi mweupe unaokulaza na homa, basi ile rangi uikwangue kwanza. Mafundi wengine walisema dawa yake ni maziwa. Mzee alisema dawa yake ni kukwangua.

Lakini jambo moja alilishikilia kuliko yote, nalo ndilo lililonipeleka Sitalike nikiwa juu ya pikipiki na bomba begani.

Ilikuwa hivi. Huku kwetu pikapu ikitoka Usevya imebeba mpunga, juu ya mpunga kuna watu. Mvua ikinyesha, watu na mpunga wanafunikwa turubai moja. Bodi za pikapu zetu zina matundu ya kutu. Kama bomba la moshi linaishia chini ya bodi, moshi unapanda kwenye matundu, unakaa chini ya turubai, na watu wanauvuta wakidhani ni usingizi unakuja. Dereva mbele hajui chochote. Kwa hiyo Mzee Bukuru aliweka utaratibu: aliyetengeneza ekzosi ndiye anayelala nyuma safari ya kwanza. Unajilaza kwenye bodi, unafunikwa turubai, gari inakwenda mpaka njia panda na kurudi. Ukirudi, ufunguo unarudishwa kwa Mzee. Anakutazama usoni, anauliza neno moja: "Umelala?" Ukijibu, "Nimelala," ndipo anampa mwenye gari ufunguo wake.

Nililala nyuma ya pikapu nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nililala juu ya mavi ya kuku, juu ya madumu ya mawese, mara moja kando ya nguruwe aliyefungwa ambaye hakufurahia kabisa kuniona. Wanaume wa gereji za jirani walikuwa wanapiga miluzi wakiniona nafunikwa. Nilizoea.

Sasa Masanja. Alikuwa Msukuma wa Usevya, mwenye ng'ombe na majaruba ya mpunga, mtu mrefu mwenye adabu zake. Tulimsikia kabla hatujamwona, maana ekzosi ya pikapu yake ilikuwa imekatika katikati na kufungwa kamba. Alishuka, akatazama huku na huku.

"Fundi wa ekzosi yuko wapi?"

"Ndiye mimi," nikasema.

Akatazama juu ya kichwa changu. Mzee Bukuru, aliyekuwa anavaa koti kwenda msibani, akamwambia, "Usitafute mbali, bwana. Ni huyo huyo."

Masanja akaomba radhi, akatueleza. Mama yake, Bibi Kabula, alianguka akavunjika nyonga. Walijaribu dawa za nyumbani, mguu ukavimba, homa ikapanda, na zahanati imesema aletwe hospitali ya Mpanda. "Mayu hawezi kukaa," alisema, na huyo mayu ni mama kwa Kisukuma chao. "Atalala nyuma kwenye godoro. Na sasa ni masika, lazima nimfunike. Ndiyo maana nimekuja kwanza kwenu kabla sijambeba. Hii gari ilivyo sasa hivi, moshi wote unaingia nyuma. Nitengenezeeni, kesho alfajiri nikamchukue."

Mnasikia? Hakuja kutafuta mngurumo. Alikuja ili mama yake asivute moshi. Aliniambia kwa mdomo wake.

Mzee akaenda msibani, nikabaki na kazi. Na niseme ukweli, niliifanya vizuri mpaka mwisho kabisa. Nilikaanga mchanga, nikakunja kona ya kupita juu ya ekseli, nikafunga sailensa ya mtungi, nikatundika raba. Kilichobaki kilikuwa mkia, kile kipande cha mwisho kinachotoa moshi nyuma ya bampa. Nikakipima, kikagonga tairi la spea lililofungwa chini ya bodi. Ili kipite kilitaka kona nyingine, yaani mkaa mwingine, mchanga mwingine na saa nzima. Wingu lilikuwa limeshuka, Masanja alikuwa anatembea huku na huku, mgongo wangu unauma. Nikajisemea, moshi ukishapita ekseli, upepo utauchukua. Nikawasha grenda, nikakata. Kipande chenye urefu wa mguu wa mtu mzima kikabaki sakafuni, na bomba likaishia chini ya bodi.

Mnaweza kusema kosa ni hapo. Hapana, hapo ilikuwa bado. Kukata vibaya kila fundi amekata. Ule utaratibu wa kulala uliwekwa kwa ajili ya siku kama ile, ili fundi aliyechoka akamatwe na pua yake mwenyewe. Ningelala nyuma, kabla ya kufika njia panda ningekuwa nakohoa, na ningerudi kuwasha mkaa.

Nilishika ukingo wa bodi nipande. Masanja akanizuia.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nalala nyuma. Ndiyo desturi yetu."

"Mama mzima, mwenye kazi nzuri namna hii, ulale nyuma kama mbuzi wa mnadani? Hapana. Kwetu hatumfanyii hivyo mtu kama wewe." Akafungua mlango wa mbele, akavua shuka lake begani, akafuta kiti, akalitandika. "Kaa hapa."

Vijana, kwa miaka yote ile nilikuwa Mama Uji. Wateja walikuwa wananipita kumtafuta fundi. Sasa mtu mwenye ng'ombe zake ananitandikia shuka. Nilikaa. Nilikaa kama mke wa mkuu wa wilaya, kiwiko dirishani, na tulipopita kwenye zile gereji za miluzi niliwapungia mkono. Mbele hapakuwa na moshi hata kidogo. Sauti ilikuwa tamu, nzito, ya chini. Masanja alitabasamu njia nzima akiniita fundi.

Tuliporudi, Mzee Bukuru alikuwa ametoka msibani. Akapokea ufunguo, akanitazama.

"Umelala?"

"Nimelala," nikasema.

Akampa Masanja ufunguo.

Asubuhi yake Masanja alikuwa ameshaondoka zamani. Mimi nafagia, Mzee anapanga vyuma chakavu kama alivyofanya kila siku, virefu na virefu, vifupi na vifupi. Akaokota kile kipande. Akakigeuza, akatazama ncha iliyokatwa, bado inang'aa.

"Hiki ni cha pikapu ya jana?"

"Ndiyo, Mzee."

Akakisimamisha kando ya mguu wake, kikamfika nyongani. Nilimwona anaitengeneza upya ile gari yote kichwani, kutoka injini mpaka bampa, na alipofika mwisho akakuta pengo lenye urefu wa kile kipande.

"Mama Jeni," akasema taratibu. "Ulilala?"

Ufagio ulikuwa mkononi. Nilitamani ardhi inimeze. "Nilikaa mbele," nikasema.

"Nani alikuambia ukae mbele?"

"Masanja. Aliniheshimu, Mzee."

"Mana yanje," akasema. Ni Mungu wangu kwa Kirundi, na alilisema kwa sauti ndogo sana. Ningefurahi kama angenipiga kwa lile bomba. Badala yake aliingia ndani akatoka na koleo, mkasi wa bati, bunda la waya, vipande vya raba na kopo tupu la maziwa ya unga, akavitia kwenye mfuko wa salfeti. Bomba akanipa mimi nibebe.

Tukampigia Masanja simu. Haipatikani. Tukapiga tena. Njia ya Usevya inapita katikati ya hifadhi, na humo ndani mtandao hakuna, kuna nyati. Alikuwa ama ndani ya hifadhi, ama huko nyumbani anampakia mama yake. Na mvua ilikuwa imeanza.

Tulipanda bodaboda, sote wawili nyuma ya dereva mmoja. Mzee katikati ameshika kofia, mimi mwisho na bomba begani. Kila tukiingia kwenye shimo bomba lilinigonga sikio, nami nikaona ni haki yangu. Mvua ilitupiga usoni mpaka Sitalike. Tukiwa pale darajani, kabla ya kuingia hifadhini, askari wa wanyamapori akatusimamisha kwa mkono.

"Hilo begani ni nini?"

Ndipo nikajiona. Mwanamke amelowa, macho mekundu, bomba la chuma begani, anaelekea porini. Ninyi mnajua magobore ya kienyeji yanatengenezwa kwa mabomba kama lile.

"Ni ekzosi," nikasema.

"Ekzosi ya nini? Mbona pikipiki ina yake?"

Mzee Bukuru akashuka, akavua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza kukiona kichwa chake. Akamwambia askari, "Afande, kuna mama mgonjwa anakuja amefunikwa turubai, na moshi unaingia ndani. Gari tumeitengeneza sisi." Alisema sisi. Sijasahau.

Yule askari alikuwa mtu. Akashika redio yake akaita wenzake wa upande wa pili. Wakajibu kwamba pikapu ya kijani, ndiyo hiyo ya Masanja, imeshaingia hifadhini kitambo, ina turubai, imefungwa vizuri kwa sababu ya mvua. Imefungwa vizuri. Nilikaa chini kwenye matope.

Msinidanganye kwamba dizeli haina sumu kama petroli. Ni kweli si kali vile, lakini injini iliyochoka, turubai limebana, na mgonjwa mwenye homa ambaye hawezi hata kugeuka, mtasemaje? Nilikaa pale nikasikiliza viboko wakikoroma mtoni, nikawa nahesabu safari ya Masanja kichwani: sasa yuko kwenye mbuga, sasa amefika kwenye mitende. Nilimwomba Mungu ile ekzosi yangu ikatike. Fundi gani anaomba hivyo? Lakini nilikuwa nimeifunga vizuri mno.

Mzee hakuombea chochote, alifanya kazi. Alikwenda kwenye kichuguu kando ya barabara akachimba udongo. Akaomba majivu kwa mama ntilie mmoja, akayachanganya na ule udongo kwa maji ya mvua, akaufinyanga mpaka ukawa kama unga wa maandazi. Akakata kopo, akalinyoosha kuwa bati. Alipomaliza akapanga kila kitu chini ya paa la kibanda cha askari, kwa mpangilio wa kutumika.

Tukaisikia. Ile sauti tamu, nzito, ya chini. Masanja alipotuona alidhani tumefuata kitu tulichosahau, akasimamisha gari akitabasamu. Mzee alishapita kwenye dirisha lake, yuko nyuma, anakata kamba za turubai kwa kisu.

Moshi ulitoka kama wa jiko lililofunuliwa sufuria. Limi, mke wa Masanja, alikuwa ukingoni, uso umechomoza kwenye upenyo mdogo alioutengeneza kwa kiwiko, ametapika mpaka hana kitu. Alikuwa amegonga kioo cha dereva mara nyingi, mvua na mngurumo vikameza. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kichwa cha mama mkwe, amekivuta karibu na ule upenyo. Bibi Kabula alikuwa amefumba macho, mdomo wazi.

"Bibi," Mzee akaita. "Bibi. Bibi!"

Masanja akaja mbio. "Mayu!"

Mvua ikawa inamdondokea bibi usoni. Nilitazama ile mikunjo ya uso ikijaa maji, haitikisiki. Halafu kope zikacheza, na sauti iliyokauka ikasema, "Nani amefungua turubai? Nalowa."

Nililia kwa sauti, sina aibu kuwaambia. Limi naye akacheka na kulia pamoja.

Lakini kazi ilikuwa bado. Ukimfunua, mvua itamaliza kifua chake, tayari ana homa. Ukimfunika, moshi. Kumketisha mbele hakuwezekani, nyonga imevunjika. Tukasukuma pikapu mpaka bodi ikawa chini ya paa la kibanda, Bibi akapata hewa bila mvua, nasi tukaingia chini ya gari. Mzee akafungua tairi la spea, tukalilaza juu ya bodi, kando ya godoro. Njia ikawa nyeupe. Hakukuhitajika kona wala mkaa wala mchanga. Ningeweza kulifungua lile tairi mwenyewe jana yake kwa spana moja, nikampa Masanja alibebe nyuma. Mzee alinitazama tulipolitoa, nami nikatazama matope.

Tukaingiza kipande pale nilipokikata. Kikakaa sawasawa, maana kilitoka hapo. Mzee akazungushia bati la kopo kwenye kiungo mara mbili, akakaza waya kwa koleo mpaka ikaingia kwenye bati, halafu akaukandika ule udongo wa kichuguu juu yake, akaulainisha kwa kidole gumba. Mimi nikafunga ncha ya nyuma kwa raba na waya. "Washa," akasema. Bomba lilipopata joto, udongo ukaanza kukauka, ukabadilika rangi, ukawa mgumu kama chungu. Mzee alikuwa chini ya gari akipitisha mkono uliolowa kuzunguka kiungo chote, anatafuta pumzi. Hakuipata. Moshi ukawa unatoka nyuma ya bampa, unapigwa na mvua, unakwenda zake. Kwa kopo, udongo na waya, barabarani, kwenye mvua. Niliwaambia sijawahi kuona mikono kama ile.

Masanja alikuwa ameshaelewa yote. Alisimama na lile shuka lake begani, lile alilonitandikia. Nikamfuata.

"Baba, niliitengeneza ekzosi vibaya, na sikulala nyuma."

"Mimi ndiye niliyekuzuia, mama."

"Ulinizuia kulala. Kudanganya hukunituma."

Nikapita, nikashika ukingo wa bodi, nikapanda. Limi akashuka kwenda kukaa mbele, kichwa kilikuwa kinampasuka. Mzee naye akaingia mbele, akafunga mlango. Masanja akanifunika pamoja na mama yake, akafunga kamba zote.

Chini ya turubai palikuwa na giza la kijani. Gari ikaondoka. Baada ya muda Bibi Kabula akaniuliza, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi, bibi. Ndiye niliyetengeneza ekzosi hii."

Akanigeuzia uso gizani.

"Ule moshi ulikuwa unatokea wapi?"

Nikapapasa bodi, nikapata tundu la kutu chini ya ukingo wa godoro. "Hapa, karibu na kichwa chako."

"Basi weka pua yako hapo," akasema. "Ukikohoa, nitajua."

Nikalala kifudifudi, nikaweka pua kwenye lile tundu. Barabara ilikuwa inapita chini, nyekundu, na maji yakinirukia usoni. Kila baada ya muda Bibi aliuliza, "Upo?" Nikajibu, "Nipo, bibi." Niliinusa njia yote ile kutoka Sitalike mpaka Mpanda, kila kilima, kila kona. Nilisikia harufu ya matope, ya mpunga, na ya samli kwenye nywele za bibi. Sijawahi kuvuta hewa nzuri kama ile. Niwaambie kabisa msije mkaniuliza: alipona, akatembea kwa mkongojo, na kila nilipokutana naye Usevya aliniuliza kama bado nipo.

Hospitali walimshusha kwa machela, Masanja na Limi wakaingia naye. Nilishuka mwisho, matope usoni, alama ya tundu la kutu kwenye pua. Baadaye Masanja akatoka kuhamisha gari, ufunguo mkononi. Mzee Bukuru akamnyooshea kiganja. Masanja hakuelewa, lakini akampa.

Mzee akaushika. Akanigeukia, akanitazama usoni kama siku zote.

"Umelala?"

Nikajifuta matope mdomoni.

"Nimelala, Mzee."

Akampa Masanja ufunguo wake.